Mlango wa Mwisho wa Chiro

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa riziki ya halali kwa mikono hii miwili, akaniachia na macho mpaka siku niliyofunga sanduku langu la zana. Vijana wa barazani mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi yetu ya kutengeneza redio na vyombo vidogo vya umeme. Nadhani mlitegemea habari za mitambo mikubwa. Nitawaandikia habari za mnyama wa katuni aliyekuwa mdogo kuliko ukucha wangu, kwa sababu katika miaka yote ya kazi hakuna kilichonitia hofu kama yeye.

Nilianzia mtaa wa Gerezani, katika kibanda cha Fundi Selemani kilichoegemea ukuta wa karakana ya magari. Siku ya kwanza sikupewa bisibisi. Nilipewa ufagio. Nilipomaliza kufagia nikapewa redio mbovu niifungue huku yeye anatazama. Niliifungua vizuri, skrubu zote nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo, nikaingiza vidole ndani. Mpini wa bisibisi ukatua juu ya vifundo vya mkono wangu.

“Betri umetoa?”

“Sijatoa, Fundi.”

“Kwa hiyo unampasua mtu yuko macho!”

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na kwa miezi mingi ilikuwa sheria ya pekee: betri kwanza. Kabla ya mita, kabla ya pasi ya kulehemu, kabla hujamwambia mteja tatizo ni nini, betri iwe nje, juu ya meza, uione. Alinirudisha mwanzo kila niliposahau, mpaka mkono ukawa unatoa betri kabla kichwa hakijaamua. Nyumbani mke wangu alinicheka siku aliyoniona natoa betri za tochi ili niipanguse vumbi.

Pasi zetu za kulehemu zilikuwa za aina mbili. Moja ya umeme, na nyingine ya shaba, nzito, ya kuchomeka kwenye jiko la mkaa umeme ukikatika. Ya shaba ilifaa kuunga nyaya za spika. Kwa kazi ndogo haikufaa, ilikuwa inaunguza saketi. Kwa hiyo wakati wa mgao wa umeme tulikaa tunangoja, kazi zimepangwa mezani, na umeme ukirudi mtaa mzima unapiga kelele na sisi tunakimbilia pasi. Mkumbuke hilo la kukimbilia.

Kisha biashara ya nje ikafunguliwa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa mabaharia vikaanza kuuzwa juu ya meza za Kariakoo: redio kaseti zenye spika mbili, deki za video, saa zinazoimba. Fundi Selemani, ambaye alikuwa ameanza kuzeeka, aliona mbali. Tukahamia Kariakoo, kwenye baraza la nyumba moja ya zamani jirani na Mtaa wa Msimbazi. Mlango wa pili alikuwapo Bi Zubeda, mwanamke wa ukoo wa Kiarabu, aliyekodisha mikanda ya video. Televisheni bado ilikuwa ngeni kwetu, na watoto wa mtaa mzima walipata katuni zao kwake.

Katuni waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mnyama mmoja mwenye kikoti kifupi. Mpaka leo sijui aliyemchora alikusudia mnyama gani. Watoto waliamua ni nguchiro, wakamwita Chiro. Alikuwa mwoga. Akifika ukingoni mwa kitu chochote kirefu hutazama chini, humeza mate, hufunika macho kwa mikono, kisha huruka hivyohivyo, macho yamefunikwa. Watoto walikuwa wanaanguka chini kwa kucheka.

Siku moja Bi Zubeda akaniletea kidude cha kijivu, kizito kama kipande cha sabuni, chenye kioo cha rangi ya choroko. Ndugu yake alikuwa amekileta kutoka Dubai, na Bi Zubeda alikikodisha kwa dakika. Watoto walikiita kigemu. Juu yake inachomekwa kaseti ndogo yenye mchezo ndani.

“Kitufe cha kurukia kimeganda,” alisema. “Wamekimwagia juisi ya ukwaju. Kisafishe, halafu kijaribu. Usiniambie kimepona kabla hujajaribu.”

Nilikisafisha kwa spiriti, nikakijaribu. Mchezo wenyewe ulikuwa wa yuleyule Chiro. Anatembea kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mashimo, anapanda mabomba, anaokota karanga. Ukielezwa hivyo utaona ni upuuzi, na mimi niliona hivyo kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha nikamfikisha ukingoni mwa paa. Nikaacha kubonyeza. Na yule mnyama, katika kile kioo hafifu, akatazama chini. Akameza mate. Akafunika macho.

Nani alikuwa amekaa akachora hayo katika nafasi ndogo kama punje ya mtama, sijui. Lakini mnyama alikuwa anaogopa, na hakuna wa kumrusha ila mimi. Akianguka, nimemwangusha mimi. Hapo ndipo utamu ulipo, wanangu, na ndipo hatari ilipo. Kwenye mkanda wa video unamcheka. Kwenye kigemu moyo wako unadunda pamoja na wake.

Niliposhtuka, watu walikuwa wanatoka msikitini. Sala ya jamaa ya alasiri ilikuwa imenipita, mimi niliyekuwa nikiwahi safu ya kwanza.

“Kimepona?” Bi Zubeda aliuliza.

“Bado kidogo.”

“Bado nini? Nakuona tangu saa tisa unainua mabega kama kuku anayetaka kuruka! Kimekunasa hicho.”

Alikuwa anasema kweli. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo nilikuwa nakwenda kwake saa ya chakula, na nilimfikisha Chiro mpaka Nyumba ya Saa, ambayo ni hatua ya mwisho ya mchezo. Kisha nikajiogopa. Nilikuwa najikuta katika rakaa namuwaza mnyama. Nikatubu, nikaacha, sikukigusa tena isipokuwa kwa bisibisi.

Ng’ambo ya barabara alikuwapo Bwana Kanti, Mhindi muuza vitambaa, mtu mpole, aliyeishi ghorofa ya tatu juu ya duka lake. Jumanne moja alivuka barabara, akasimama mbele ya meza yangu. Akasema mtoto wake Sonal ana kazi yangu, ila hataki kumpa mtu ailete, anataka niende mwenyewe.

Nilimfahamu Sonal kwa kumwona dirishani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Moyo wake ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa, na ngazi za nyumba yao alikuwa hawezi kuzipanda, alibebwa. Nilimkuta kwenye kochi lililosukumwa hadi dirishani, midomo yake ina rangi ya zambarau iliyofifia.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Mgonjwa nani leo?”

“Chiro.” Akafungua leso, ndani yake mna kaseti ya mchezo. “Binamu yangu alinunua kama hii siku moja na mimi. Ya kwake imejifuta yote. Nataka ubadilishe betri kabla na yangu haijajifuta.”

Niwaeleze kidogo. Ndani ya kaseti za namna ile kulikuwa na betri bapa kama sarafu, iliyolehemiwa. Kazi yake ni kushikilia kumbukumbu ya mahali mchezaji alipofika. Ikiisha, au ikitolewa, mnyama anarudi mwanzo kabisa kana kwamba hukuwahi kucheza.

“Umefika wapi?” nilimuuliza.

“Mlango wa mwisho, Nyumba ya Saa. Sijaufungua. Nitaufungua India, asubuhi wakija kunichukua kunipasua. Chiro ataingia na mimi nitaingia.” Akanitazama. “Bila yeye siendi, Fundi. Nimeshamwambia Baba.”

Kwenye ngazi Bwana Kanti alinishika mkono. Safari ilikuwa Jumamosi. Daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba mwaka mwingine wa kungoja mtoto hanao. Mara ya kwanza walipotaka kumsafirisha alilia njiani kuelekea uwanja wa ndege mpaka akaishiwa pumzi, wakamrudisha nyumbani wakidhani amekufa. “Sasa yeye mwenyewe amekubali,” alisema. “Kwa ajili ya huyo mnyama wake. Mimi sielewi, Fundi, lakini amekubali. Asije akafutika.”

Nilimpa ahadi. Nilisema inshallah, na nilimaanisha.

Njia nilikuwa naijua. Unalehemu kwanza nyaya mbili kutoka betri nyingine, zishike pale pale ilipo betri ya zamani. Kumbukumbu ikishapata pa kuegemea, ndipo unaitoa ile ya zamani, unaweka mpya, mwisho unaondoa nyaya. Jumatano asubuhi nilifungua kaseti. Nilikata nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, nikazichuna ncha, nikazilaza mezani upande wa kulia. Umeme haukuwapo. Nikangoja, nikaleta uradi, namtaja Mungu kimya kimya.

Umeme ukarudi. Mtaa ukapiga kelele. Sikujua utakaa muda gani, nikachomeka pasi, ikashika moto, nikainama. Na mkono wangu, wanangu, ukafanya ulichofundishwa. Ukatoa betri kwanza.

Niliiona juu ya meza, inang’aa. Pembeni yake nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, bado zimelala nilipozilaza.

Nilihisi baridi miguuni, saa nne asubuhi, Kariakoo. Niliirudisha ile betri haraka kama mtu anayerudisha pumzi kwenye kinywa cha mwenzake, nikaenda kwa Bi Zubeda nikachomeka kaseti kwenye kigemu chake. Mahali palipokuwa na jina la Sonal palikuwa patupu.

Fundi Selemani alikuwa kwenye kigoda chake. Alitazama nyaya, akanitazama usoni. Akavua miwani.

“Mkono huo nimeufundisha mimi,” alisema. Basi. Siku hiyo hakuniita mjinga, na hilo lilinitisha zaidi.

Bi Zubeda ndiye aliyesema. “Cheza wewe.”

“Nini?”

“Si umefika Nyumba ya Saa kwenye kigemu changu hikihiki? Anza mwanzo, andika jina lake, mfikishe mlangoni, mpelekee. Nani atajua?”

“Mungu atajua.”

“Mungu anajua pia kwamba mtoto asipopanda ndege atakufa. Chukua kigemu, Fundi. Sikudai.”

Niliweka betri mpya, nikachukua kigemu. Nilicheza Jumatano yote, Alhamisi yote, na Ijumaa asubuhi, kwenye baraza, mchana kweupe, mtu mzima mwenye kofia na ndevu. Wapita njia walinicheka. Kijana mmoja muuza soksi alisimama akasema, “Mambo ya Bongo haya! Babu naye yumo!” Sikuinua macho. Zamani nilipocheza niliogopa kwa ajili ya Chiro, na hofu ile ilikuwa tamu. Sasa kila alipofika ukingoni, akameza mate, nilimwona mtoto kwenye kochi. Katika hatua ya maji yenye kutu nilianguka mara nyingi kiasi kwamba Fundi Selemani, ambaye hakuwahi kuupenda mchezo ule, alivuta kigoda akaanza kuniambia, “Ngoja. Ngoja. Sasa!”

Kila adhana nilikizima nikaenda. Nilisali, lakini sala yangu ilikuwa ya mtu anayetazama nyuma. Niliomba Mungu aniokoe, na sikujua naomba aniokoe na lipi: na kufutika kwa mchezo, au na uongo niliokuwa naujenga juu yake.

Ijumaa kabla ya adhuhuri Chiro alisimama mbele ya mlango wa mwisho. Nilihifadhi, nikazima. Hata zamani sikuwahi kufika mlangoni pale, na sikuufungua. Nilikwenda msikitini. Wakati wa hotuba nilikuwa nimeweka mkono juu ya mfuko wenye kaseti, na nilielewa kwamba nimebeba amana iliyovunjika, nimeichora upya ifanane na nzima. Tangu madrasa nilifundishwa kwamba amana inaulizwa mbele ya Mungu. Lakini nikisema, mtoto hapandi ndege. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba siku ile sikula.

Nilipanda zile ngazi za kwa Bwana Kanti polepole. Sonal alichomeka kaseti kwenye kigemu chake, akawasha. Jina lake lipo. Mlango upo. Chiro amesimama.

Akacheka, akamwonyesha mama yake. Bwana Kanti aliegemea ukuta akafunga macho. Mama alikwenda kuleta chai. Kila kitu kilikuwa kimekwisha, kimekwisha vizuri, na nilichotakiwa kufanya ni kunywa chai na kushuka.

“Sonal,” nilisema. “Huyo siye uliyenipa.”

Bwana Kanti alifumbua macho.

“Wako nilimfuta. Jumatano. Mkono wangu ulitoa betri kabla ya wakati. Huyo nimemleta mimi kutoka mwanzo. Nisamehe, mwanangu.”

Mama alikuwa amesimama na sinia. Nilimtazama mtoto kifuani, nikahesabu anavyovuta pumzi, maana nilikuwa nimeambiwa jinsi alivyolia ile mara ya kwanza. Bwana Kanti alipiga hatua kuja kwangu. Sijui angefanya nini, na angekuwa na haki.

“Ndiyo maana ulikuwa unainua mabega,” Sonal alisema.

“Vipi?”

“Nilikuona.” Akaelekeza kidole dirishani, chini, kwenye baraza letu. “Siku tatu. Nilidhani umecharuka.” Hakuwa anacheka. “Maji yenye kutu uliyavuka?”

“Nilianguka sana.”

“Uliogopa?”

“Niliogopa. Naogopa hata sasa hivi.”

Mama yake alimwita kwa Kigujarati, hakujibu. Kisha akaninyooshea kigemu.

“Huu mlango wako, si wangu. Fungua nione.”

“Ulisema utaufungua mwenyewe, India.”

“Ule wangu haupo tena. Fungua, Fundi.”

Nilikaa kwenye ukingo wa kochi. Sonal alikuwa anavitazama vidole vyangu, si kioo. Nikabonyeza. Chiro alifunika macho, akaingia. Nilitegemea joka, au moto, kama ilivyo desturi ya michezo ile. Ndani kulikuwa na chumba kidogo, na kitanda. Chiro akaondoa mikono usoni. Akatazama huku na huku. Akavua kikoti chake, akapanda kitandani, akalala.

“Hivyo tu?” alisema Sonal.

“Naona hivyo tu.”

Akaninyang’anya kigemu, akafuta jina lake mwenyewe, mbele yetu sote, kwa vitufe viwili. Skrini ikarudi mwanzo, msituni, Chiro ana karanga sifuri. “Nitaanza kwenye ndege,” alisema. “Kuna njia ya juu hukuiona.”

Jumamosi alibebwa kushushwa ngazi. Hakulia. Aliogopa, nilimwona jinsi alivyoshika shati la baba yake. Duka la vitambaa likafungwa.

Tangu siku ile, kaseti yoyote, saa yoyote, kitu chochote chenye kumbukumbu ndani, mkono wangu wa kulia niliukalia kwanza. Nilikaa juu yake kabisa, mbele ya wateja, mpaka kichwa kimalize kusema kinachotakiwa. Mmeniona nikifanya hivyo na mmenicheka. Fanyeni na ninyi.

Wiki zilipita. Simu haikuja kwa mtu yeyote mtaani tuliyemjua. Kila asubuhi nilitazama ng’ambo, nikaona kufuli, nikamwomba Mungu subira, akanipa kiasi cha siku moja moja. Kisha asubuhi moja kufuli halikuwapo. Mlango wa duka ulikuwa nusu wazi, na ndani nilimwona Bwana Kanti peke yake, anapanga majora ya vitambaa.

Sikuweza kuvuka. Nawaambia ukweli. Mtu mzima, nilikaa nyuma ya meza yangu nikajifanya nachuna waya, kwa sababu maadamu sijavuka, mtoto alikuwa bado hai. Fundi Selemani alinitazama, naye hakuniambia nenda.

Bwana Kanti akatoka nje. Akasimama ukingoni mwa barabara, magari yanapita katikati yetu, akaweka mikono mdomoni.

“Fundi!” aliita. “Betri ndogo unazo? Nne! Ameshanimalizia zote hospitali, na sasa hataki tulale!”